Mbu Hutoka Wapi? Somo la Kuanzia Biolojia kwa Njia ya Uchunguzi

Katika shule nyingi somo la kwanza la Biolojia huanza kwa maana ya neno lenyewe. Mwanafunzi huandika kwamba Biolojia ni elimu ya viumbe hai, kisha huandika sifa saba za viumbe hivyo, kisha hatua za uchunguzi wa kisayansi kwa mpangilio wake: kutambua tatizo, kukisia jawabu, kufanya jaribio, kukusanya matokeo, kuyafasiri na kutoa hitimisho. Baada ya juma moja huulizwa, naye huzitaja zote bila kukosa. Mwalimu huridhika na kuendelea na sura ya pili. Hata hivyo, mwanafunzi huyo huyo akiulizwa jioni nyumbani kwao kwa nini anaamini kwamba mbu huzaliwa katika majani marefu yaliyo nyuma ya nyumba, hafikiri hata kidogo kwamba swali hilo lina uhusiano wowote na zile hatua sita alizozikariri asubuhi.

Makala hii inakusudia kueleza namna ya kufundisha utangulizi wa Biolojia kwa kutumia swali moja tu, nalo ni hilo la mbu. Somo hili linafaa madarasa ya juu ya shule ya msingi na mwaka wa kwanza wa sekondari. Huchukua vipindi vitano au sita vilivyotawanywa katika muda wa siku kumi hivi, wala halihitaji maabara. Swali lenyewe si la mchezo. Mbu ndio waenezao malaria na matende, na ndio walioeneza homa ya dengi iliyowasumbua watu wa Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019. Familia inayofyeka majani kila Jumamosi huku pipa la maji likiwa wazi uani imefanya kazi kwa bidii, lakini imeifanya pasipo mahali pake.

Kuanza na wanayoyajua

Mwalimu aanze kwa kuuliza: "Mbu wa hapa kwetu hutoka wapi?" Kisha aandike ubaoni majibu yote, bila kuacha hata moja. Aghalabu yatatajwa majani, takataka, tope, migomba, mvua, vyoo na maji machafu. Asicheke jibu lolote, wala asionyeshe kwa uso lipi analolipenda. Hapa ndipo wanachuo wengi wanaposhindwa katika mazoezi ya kufundisha. Jibu wanalijua, nao hawawezi kujizuia kulitaja. Na wakishalitaja, uchunguzi umekwisha kabla haujaanza, kwa kuwa hakuna mtoto atakayejisumbua kutafuta jambo ambalo mwalimu ameshalitoa.

Jibu la majani lapasa kutazamwa kwa makini, maana si la kipumbavu. Mtoto aliyepita katika majani jioni ameona kwa macho yake mbu wakiruka kutoka humo. Alichokiona ni kweli: mbu wengi hupumzika mchana mahali penye kivuli na unyevu. Kosa limo katika hatua inayofuata, pale anapotoka kwenye "nimewaona wakiruka kutoka humo" na kufika kwenye "wamezaliwa humo". Basi mwalimu agawe ubao sehemu mbili, moja aiite "Niliyoyaona" na ya pili "Ninayoyafikiri", kisha darasa lipange kila jibu mahali pake. Kazi hii huzua ubishi mwingi, na mwalimu auache uendelee. Kwa maoni yangu, mwanafunzi aliyeweza kutenga mambo hayo mawili ameshajifunza nusu ya sayansi, hata kama bado hajui sifa moja ya kiumbe hai.

Watakuwapo pia wanafunzi waliokwisha kuona viluwiluwi katika pipa au katika kifuu cha nazi, na wanaojua kwamba hugeuka kuwa mbu. Hao wasiruhusiwe kulifunga swali, bali waulizwe jingine: viluwiluwi nao waliingiaje katika maji? Wako watakaojibu kwamba maji yakikaa siku nyingi huzaa wadudu yenyewe. Mwalimu afurahi akilipata jibu hili, kwani ndilo linalofaa kujaribiwa. Sasa darasa lina makisio mawili yanayopingana: kwamba viluwiluwi hutokana na maji yenyewe yaliyokaa, na kwamba hutokana na mayai yaliyotagwa humo na mbu. La kwanza likiwa kweli, maji yoyote yaliyokaa yatatoa viluwiluwi hata mbu wakizuiwa kuyafikia. La pili likiwa kweli, hayatatoa. Wanafunzi wenyewe waongozwe kuzisema sentensi hizo mbili za mwisho, maana kisio lisiloweza kutuambia tutaona nini halijawa kisio la kisayansi.

Kisa cha Francesco Redi

Hapa pana nafasi nzuri ya kuwasimulia kisa cha tabibu mmoja wa Italia. Kwa karne nyingi wataalamu wa Ulaya waliamini kwamba funza wanaoonekana katika nyama iliyooza huzaliwa na nyama yenyewe. Francesco Redi, aliyeishi mjini Florence, alitangaza majaribio yake mwaka 1668. Alitia nyama katika vyombo, vingine akaviacha wazi na vingine akavifunika barabara. Funza walionekana katika vile vilivyokuwa wazi tu. Lakini palikuwa na pingamizi: huenda nyama iliyofungiwa ilikosa hewa, na pengine hewa ndiyo iliyohitajiwa ili funza wazaliwe. Redi akarudia jaribio, safari hii akafunika vyombo kwa kitambaa chepesi kinachopitisha hewa na kuzuia nzi. Funza hawakuonekana katika nyama. Nzi walikuja wakatua juu ya kitambaa na kutaga hapo.

Mwalimu asisimulie kisa chote kwa mara moja. Asimulie hadi kwenye vyombo vilivyofunikwa barabara, kisha anyamaze na kuuliza kama kuna mtu ana pingamizi. Katika darasa lililozoea kuulizwa, mtoto mmoja atataja hewa. Asipotajwa na yeyote, mwalimu aulize maswali madogo ya kuwaelekeza. Sehemu ya pili ya kisa isimuliwe baada ya pingamizi kutoka kwa wanafunzi, ili waone kwamba jaribio la pili halikutokana na hekima ya pekee ya mtu wa kale, bali na swali ambalo wao pia wameliuliza.

Inafaa kuongeza kwamba Redi huyo huyo aliendelea kuamini kuwa wadudu wanaopatikana ndani ya vivimbe vya majani ya miti huzalishwa na mti wenyewe. Jaribio lake lilithibitisha habari za funza na nyama. Halikuthibitisha habari za viumbe vyote.

Matayarisho na jaribio

Darasa ligawanywe vikundi sita, na kila kikundi kipate makopo matatu yanayolingana, ya maziwa ya unga au ya rangi iliyokwisha kusafishwa. Kila kopo litiwe maji kiasi kile kile, na mkono mmoja wa majani makavu, kwa sababu maji yenye majani yaliyolowa huwavuta mbu na huwapa viluwiluwi chakula. Kopo la kwanza liachwe wazi. La pili lifunikwe kwa kifuniko chake. La tatu lifunikwe kwa shashi au kitambaa chochote chepesi, kilichofungwa kwa kamba ukingoni pasiwe na upenyo. Yote matatu yawekwe pamoja penye kivuli, mbali na njia ya watoto wadogo.

Kwa nini yote yawe sawa isipokuwa kifuniko? Swali hili liulizwe kabla, na jawabu liandikwe daftarini. Kopo la wazi likiwekwa chini ya mwembe na lililofunikwa likawekwa juani, tofauti ikitokea hatutajua kama imeletwa na kifuniko au na jua. Mwanafunzi akilielewa jambo hili kwa makopo, hatapata taabu baadaye kuelewa kwa nini mganga wa hospitali anayejaribu dawa mpya huhitaji kundi la wagonjwa wasiopewa dawa hiyo.

Onyo moja kuhusu kitambaa. Walimu wengi watafikiria mara moja kutumia kipande cha chandarua kilichochakaa. Vyandarua vingi vinavyogawiwa siku hizi vimetiwa dawa ya kuua wadudu. Kopo lililofunikwa kwa chandarua cha namna hiyo likikosa viluwiluwi, nani atajua kama mbu wamezuiwa na nyuzi au wameuawa na dawa? Kama chandarua ndicho kitu pekee kinachopatikana, basi somo lenyewe lipate faida hapo: mwalimu aonyeshe kipande hicho na awaulize wanafunzi kama kinafaa, na kwa nini hakifai.

Kila siku, saa ile ile, kikundi kitazame makopo yake na kuandika kilichoonekana. Siku ambayo hakuna kitu iandikwe vilevile "hakuna". Wanafunzi hupenda kuruka siku hizo, na ndizo zinazotuonyesha mayai yalianguliwa lini. Katika sehemu zenye joto mayai huanguliwa baada ya siku mbili au tatu, na viluwiluwi hukua kwa muda wa juma moja hivi. Katika nyanda za juu zenye baridi mambo huenda polepole zaidi, na mwalimu apange vipindi vyake kwa kuzingatia hali ya hewa ya mahali alipo.

Kuna sharti moja lisilovunjwa kwa sababu yoyote. Kiluwiluwi akishakua hugeuka pupa, aliyejikunja kama alama ya mkato, ambaye hali chochote lakini huogelea. Siku mbili tu baadaye hutoka mbu mkamilifu. Kwa hiyo mara pupa wa kwanza anapoonekana, maji yote yamwagwe juu ya ardhi kavu penye jua, wala si katika mtaro, na makopo yasuguliwe. Shule haina ruhusa ya kufuga mbu wa kuwauma majirani wake. Jukumu la kutazama pupa apewe mwanafunzi mmoja kwa jina katika kila kikundi, na mwalimu ahakikishe kwa macho yake mwenyewe, hasa kabla ya Jumamosi na Jumapili.

Matokeo yasiyotarajiwa

Mara nyingi makopo ya wazi yatapata viluwiluwi na yaliyofunikwa hayatapata. Hilo likitokea katika vikundi vyote, mwalimu ashukuru na kuendelea. Lakini mara nyingine haliwi hivyo, na hapo ndipo mwalimu mwenyewe anapopimwa.

Tuseme kikundi kimoja kopo lake la wazi halikupata kitu. Kishawishi ni kuchota viluwiluwi mahali pengine na kuwatia humo usiku ili somo "lifanikiwe". Mwalimu afanyaye hivyo amewafundisha wanafunzi kwamba matokeo hutengenezwa yafanane na kitabu, na watoto si vipofu, watajua. Mahali pa hila hiyo pana maswali mema ya kuuliza. Je, makopo ya wazi yako mangapi kwa jumla, na mangapi yamepata? Kwa nini tuliweka vikundi sita wala si kimoja? Mbu halazimishwi kutaga katika kopo letu. Makopo manne ya wazi kati ya sita yakipata viluwiluwi, na kati ya kumi na mawili yaliyofunikwa lisipate hata moja, matokeo hayo yana nguvu ya kutosha kwa darasa hili, na yale mawili yaliyokosa yaandikwe kama yalivyo.

Jambo gumu zaidi, na lenye manufaa zaidi, ni pale kopo lililofunikwa linapotoa viluwiluwi. Wafuasi wa kisio la kwanza watashangilia kwamba maji yamezaa. Mwalimu asiwanyamazishe. Awaulize darasa zima: kuna njia gani nyingine ambayo mayai yangeweza kuwamo? Njia ya kwanza ni kitambaa chenye tundu, nayo huchunguzwa mara moja. Njia ya pili ni maji. Kama yalichotwa kwenye tangi au pipa lililokuwa wazi, huenda yalikuja na mayai. Njia ya tatu wanafunzi hawataifikiria, na mwalimu ana haki ya kuwaambia: mbu wa jamii ya Aedes, wale weusi wenye madoa meupe miguuni wanaouma mchana na ndio waenezao dengi, hutaga mayai yao ukingoni mwa chombo, juu kidogo ya maji. Mayai hayo hushika kwenye ukuta wa chombo, na yanaweza kukaa makavu miezi kadhaa bila kufa. Maji yakiyafikia tena, huanguliwa. Basi kopo lililookotwa nyuma ya jiko huenda lilibeba mayai tangu masika yaliyopita.

Darasa sasa lina kazi mpya ambayo haikuwamo katika mpango wa mwalimu. Makopo yasuguliwe kwa maji ya moto, maji yachemshwe na kuachwa yapoe yakiwa yamefunikwa, na jaribio lirudiwe. Watakaoona viluwiluwi wakikosekana katika makopo yaliyofunikwa safari ya pili watakuwa wamejifunza pia kwa nini kumwaga maji ya pipa bila kulisugua hakutoshi kuwaondoa mbu wa dengi. Binafsi ningependa kila darasa likutane na tatizo hili, ingawa si jambo la kupanga.

Kumtazama kiluwiluwi

Kabla maji hayajamwagwa, kila kikundi kichote viluwiluwi wachache katika bilauri ya kioo na kuwachora. Lenzi ya mkono ikipatikana ni vizuri. Isipopatikana, bilauri iliyojaa maji na macho ya mtoto vinatosha. Waulizwe: wanakaaje wanapotulia? Kiluwiluwi wa Culex na wa Aedes huning'inia kichwa chini, na ncha ya mrija wake wa kuvutia hewa hugusa uso wa maji. Wa Anopheles, ambaye ndiye aletaye malaria, hana mrija huo mrefu, naye hulala bapa chini ya uso wa maji.

Katika makopo yaliyowekwa karibu na nyumba yaelekea watapatikana zaidi Culex au Aedes, maana Anopheles wengi hupendelea madimbwi ya wazi yenye jua. Kwa hiyo mwalimu asiwaonyeshe viluwiluwi wa kopo na kusema "hawa ndio wa malaria". Tofauti hii si ndogo. Ronald Ross, daktari wa jeshi la Waingereza huko India, alichunguza mbu wasio wa jamii hii kwa muda wa miaka miwili bila kufanikiwa. Tarehe 20 Agosti 1897, mjini Secunderabad, ndipo alipoona viini vya malaria katika tumbo la mbu mwenye mabawa ya madoadoa, yaani Anopheles, aliyekuwa amemnyonya mgonjwa. Tena mbu hao aliwalea mwenyewe tangu wakiwa viluwiluwi. Waulizwe wanafunzi kwa nini alijisumbua hivyo badala ya kukamata mbu wanaoruka. Jibu, kwamba mbu aliyekamatwa huenda amekwisha kumuuma mtu mwingine, wataliweza wenyewe kama wameelewa kwa nini tuliyasugua makopo.

Jaribio la pili: mafuta

Wakishaona kwamba kiluwiluwi hupanda juu mara kwa mara, watakisia kwamba hufuata hewa. Kisio hili hujaribiwa kwa bilauri mbili zenye viluwiluwi kumi kumi. Moja idondoshewe mafuta mpaka uso wa maji ufunikwe, nyingine iachwe. Waandike baada ya kila robo saa wangapi bado wanaogelea. Walimu huzoea kutumia mafuta ya taa, ambayo hufanya kazi upesi, lakini mafuta ya taa ni sumu pia. Kiluwiluwi akifa hatutajua kama amekosa hewa au amelishwa sumu. Mafuta ya kupikia ni afadhali, ijapokuwa darasa litangoja zaidi.

Jaribio hili dogo lina ndugu yake mkubwa Unguja. Makunduchi palikuwa na matende mengi, na mbu aliyeyaeneza, Culex, alizaliana katika vyoo vya shimo vyenye maji. Mwishoni mwa miaka ya 1980 watu walipewa dawa ya kuua minyoo michanga ya matende iliyomo katika damu, na wakati huo huo vyoo vilimwagiwa punje nyepesi za polistirini, zile zinazoelea kama povu gumu. Punje hazina sumu. Hufunika uso wa maji tu, hata kiluwiluwi hapati hewa na mbu hapati pa kutaga. Katika muda wa miaka 5 sehemu ya watu waliokutwa na minyoo hiyo katika damu ilishuka kutoka asilimia 49 hadi asilimia 3.

Je, ni punje au ni dawa? Mwanafunzi aliyefuata somo hili tangu mwanzo atauliza hivyo, na asipouliza mwalimu asubiri kidogo. Wachunguzi nao waliuliza, wakalinganisha na mji mwingine wa Zanzibar, Moga, ambako watu walipewa dawa lakini vyoo havikutiwa punje. Huko minyoo ilionekana kurudi miaka 3 hadi 6 baada ya dawa. Moga ndio uliokuwa kopo la kulinganishia.

Kupima walichojifunza

Mtihani wa somo hili usiwe wa kutaja hatua za uchunguzi. Wapewe habari fupi na waulizwe kinachopungua. Kwa mfano: bibi mmoja alipanda mahindi karibu na zizi la mbuzi, yakastawi kuliko ya jirani yake aliyepanda juma moja baadaye upande wa pili wa kijito, naye akasema ni kwa sababu ya samadi. Ni nini alichokiona, na ni nini alichokifikiri? Ni mambo gani mengine yaliyotofautiana baina ya mashamba hayo mawili? Angepandaje msimu ujao ili ajue kwa hakika? Jibu linalosema kwamba bibi amekosea lisipewe alama zote, kwa kuwa huenda samadi ndiyo sababu kweli. Alama apewe anayeonyesha kwamba bado hatujajua, na anayepanga vipande viwili vya shamba moja, mbegu moja na siku moja ya kupanda, kimoja kikitiwa samadi na kingine kikiachwa.

Daftari nazo zisahihishwe kwa uangalifu wa namna yake. Siku zilizoandikwa "hakuna" zitiwe alama sawa na siku zilizoandikwa "viluwiluwi kumi na wanane", na mwanafunzi aliyekata jambo aliloliandika kwanza na kuandika jingine baada ya kutazama tena asiondolewe alama kwa uchafu wa daftari.